Mbaazi za Nyuma ya Jiko

Barua ya kupunguzwa kazi niliipokea nikiwa mezani kwangu, katika ofisi ya kilimo pale Bariadi, mwezi ambao wakulima huanza kufyeka mashamba wakisubiri mvua. Ilikuwa na sentensi nne. Nilikuwa bwana shamba kwa miaka kumi na sita, na sentensi ya nne ilinishukuru. Wenzangu wawili walipewa barua kama hiyo siku hiyo hiyo. Mmoja alilia waziwazi. Mwingine aliuliza kama baiskeli ya ofisi anatakiwa kuirudisha leo au kesho. Mimi niliikunja yangu, nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikaenda nyumbani. Mke wangu aliponiona naingia jua likiwa bado juu, alinigusa paji la uso akidhani naumwa.

Ndiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao na malori yao, na maghala ya ushirika yakabaki na popo. Ruzuku ya mbolea na dawa ikaondolewa. Tuliambiwa kuwa Serikali ina wafanyakazi wengi kupita kiasi, na mimi nilikuwa mmoja wa hao waliopita kiasi. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Nataka tu ieleweke nilikuwa wapi nilipoanza kupanda mbaazi.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kipande cha ardhi, upana hatua kumi, urefu kama ishirini. Ukuta wa nyumba ulikikinga jua la asubuhi, na mwarobaini mkubwa wa jirani ukakikinga la alasiri. Udongo wake ulikuwa wa kijivu na mgumu. Ukimwaga maji yanakaa juu kama kwenye sahani. Mke wangu alikuwa amejaribu mchicha pale, akajaribu nyanya, akajaribu bamia. Vyote viliota, vikageuka njano, vikafa. Mara kadhaa aliniomba nimsaidie, na kila mara nilimjibu kwamba nimechoka, nimeshinda kwenye mashamba ya watu. Ilikuwa kweli.

Baada ya barua ile nilikaa kwenye kiti nje ya mlango majuma matatu. Siku moja mke wangu alikuja na ungo wa mchele anaopeta, akasimama mbele yangu.

"Baba watoto," alisema, "miaka yote hii umewafundisha watu kulima. Hapa nyuma yako hapaoti hata mchicha. Tunanunua mboga sokoni, nyumba ya bwana shamba."

Hakupandisha sauti. Aliendelea kupeta mchele wake pale pale.

Jioni hiyo nilizunguka nyuma ya nyumba, nikachuchumaa, nikachukua donge la udongo nikalivunja. Chuoni tulifundishwa kwamba iko mimea inayojitafutia chakula kutoka hewani, ikakihifadhi kwenye mizizi, na ardhi ikanufaika nayo. Mbaazi ni mmojawapo. Katika mtihani niliandika kurasa mbili kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo mvua za kwanza ziliponyesha nilinunua mbaazi kavu sokoni, nikapanda mistari mitano iliyonyooka kwa kamba.

Ziliota zote. Halafu zikaanza kurefuka. Kila mche ulikuwa mwembamba kama uzi, unajivuta kuelekea kwenye mwanga uliopenya kati ya paa na matawi ya mwarobaini. Kufikia mwezi wa pili zilikuwa zimelala chini. Mke wangu alikuja, akazitazama, akarudi ndani bila kusema neno. Ningependa zaidi angesema.

Tatizo lilikuwa kivuli. Na mimi nilikuwa nimewahi kuona mbaazi zinazozaa kivulini. Niliziona mara moja tu, katika kijiji cha Sapiwi, nyuma ya jiko la mwanamke mmoja mjane. Nilikumbuka jinsi matawi yake yalivyokuwa mazito, na maganda yamening'inia. Nilikumbuka pia kwa nini sikutaka kurudi pale.

Siku zile, kabla ya soko kuachiwa, pamba ilikuwa na sheria ndogo zake. Ilipandwa peke yake, bila kuchanganywa na zao lolote. Baada ya mavuno mabua yaling'olewa na kuchomwa kabla ya tarehe iliyopangwa. Mimi nilikuwa na baiskeli, viatu vya ngozi na daftari, na aliyevunja sheria nikimwandika aliitwa ofisi ya kijiji. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Niliamini kila nilichokuwa nakisema.

Yule mama nilimkuta shambani asubuhi, mwezi wa tano. Vitumba vya pamba vilikuwa vinakomaa. Kila baada ya mistari minne ya pamba alikuwa amepanda mstari wa mbaazi, na mbaazi zote zilikuwa na maua.

Tuliongea Kisukuma, kama tulivyoongea siku zote mimi na yeye. Naandika kwa Kiswahili kwa kadiri ninavyokumbuka.

"Nani alikuambia uchanganye?" nilimuuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Mama yangu alilima hivi, kule Mwandoya. Mbegu ni zake. Nilikuja nazo nilipoolewa."

"Mbaazi zinafuga funza wa vitumba. Funza wakishiba hapa wanahamia kwenye pamba, kisha wanakwenda kwenye pamba ya jirani."

"Funza wapo kila mwaka, baba, hata kwa wasiokuwa na mbaazi."

"Zing'oe."

Alizitazama, kisha akanitazama mimi. Alikuwa mtu wa makamo, umri wa shangazi yangu. "Niachie majuma matatu," alisema. "Nizivune mbichi. Nina mzazi ndani, binti yangu. Nikishazivuna nitazing'oa mwenyewe, na wewe uje uone."

Nilimwambia kwamba nikirudi baada ya majuma matatu nitakuwa na karatasi ya faini. Basi akaanza kung'oa. Hakuwa na jembe, alizing'oa kwa mikono, mguu mmoja mbele, akiinama kwenye kila shina. Mbaazi ina mzizi mrefu na haing'oki kwa urahisi. Nilisimama kwenye kivuli cha mti wa mpakani mpaka akamaliza, na ilichukua karibu asubuhi nzima. Sikumsaidia. Ilikuwa sheria yetu kwamba mkulima atekeleze mwenyewe, ndipo atakapokumbuka.

Kisha nikaongozana naye mpaka nyumbani kwake ili aweke dole gumba kwenye daftari. Hapo nyuma ya jiko, chini ya mkwaju uliokuwa umefunga giza, nikaona kichaka kimoja cha mbaazi, kikubwa, shina lake nene kama mkono wa mtu mzima. Kilikuwa kimezaa.

"Na hiyo nayo," nilisema.

"Hiyo iko nyumbani, haiko shambani."

"Funza hawajui nyumbani wala shambani."

Nililiona jibu langu kuwa la mtu mwerevu. Hata nilikuja kulirudia kwenye mikutano. Yule mama alisema, "Sawa." Akaweka dole gumba, mimi nikapanda baiskeli. Sikurudi kuhakiki. Mwaka uliofuata nilihamishiwa kata nyingine.

Sasa, zaidi ya miaka kumi baadaye, nilipanga kwenda kumwomba mbegu. Niliazima baiskeli ya jirani, nikanunua kilo ya sukari, nikaondoka Bariadi asubuhi. Njiani nilitunga maneno ya kujieleza. Nilikuwa nayo mengi, na yote yalianza na neno "wakati ule."

Nyumba yake niliitambua kwa ule mkwaju. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anachambua mboga kwa vidole, uso wake haukuangalia mikono. Nilipokaribia niliona macho yake yamefunga ukungu mweupe.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Mwangaluka."

"Hamjambo hapa nyumbani?"

"Mhola. Umetoka wapi?"

"Bariadi."

"Wewe ni nani?"

Maneno yote niliyoyatunga njiani yalinitoka kichwani. Nilimtazama machoni, nikaona haoni, na nikapata nafuu. Nasema ukweli, nafsi yangu ilipata nafuu. "Ni mtu tu, mayu," nilisema. "Natafuta mbegu za mbaazi. Zile zinazoweza kivuli."

Vidole vyake vilisimama juu ya mboga. Uso wake uligeukia upande wa sauti yangu, ukakaa hapo.

"Nani alikuambia ninazo?"

"Watu."

Kisha akainuka, akapapasa ukuta wa jiko, akazunguka nyuma, na mimi nikamfuata. Chini ya mkwaju palikuwa na vichaka sita au saba. Kile cha zamani hakikuwepo, lakini hivi vilikuwa watoto wake. Aliniambia kwamba kikikaribia kuzeeka huwa anapanda kingine ubavuni mwake. Alichuma maganda makavu, akayapasua, akawa anaipima kila punje kwa ncha ya kidole. Iliyotobolewa na funza aliitupa. Nzima aliiweka kwenye leso yangu.

"Usipande pale unapoona ni pazuri," alisema. "Panda karibu na shina la mti wako, kivulini kabisa, iuzoee huo mti tangu utoto. Usipange mistari. Mwaka wa kwanza haitakupa kitu. Itakaa kama inaumwa. Usiing'oe."

Nilisema nimesikia.

"Usiing'oe," akasema tena.

Nilimpa sukari, akaipokea kwa mikono miwili. Nikamshukuru, "Wabeja, mayu," nikaondoka. Njiani nilishikwa na kiu kali, na hapo nikatambua kwamba hakunikaribisha hata maji. Kwetu Usukumani mgeni hupewa maji hata kabla hajaulizwa jina. Nilijiambia ni kwa sababu ya macho, kwamba mtungi uko mbali naye. Nilikunywa kisimani pamoja na watu waliokuwa wakinywesha ng'ombe, nikaendelea na safari.

Mbegu zilikuwa ishirini na tatu. Nilizipanda kama alivyosema, kuzunguka upande wetu wa mwarobaini na kando ya ukuta, bila kamba. Ziliota kumi na nane. Kisha zikakaa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne, zilikuwa na kimo cha goti, majani madogo, rangi iliyofifia. Mvua ilikatika, kiangazi kikaingia, zikaanza kupukutisha majani. Mke wangu aliniuliza kama nataka kuzing'oa apande kitu kingine. Nilimwambia hapana. Akaniuliza kwa nini, nikasema nimeambiwa nisizing'oe. "Na nani?" Nikasema na mtu aliyenipa mbegu. Sikumwambia zaidi.

Wakati huo nyumba yetu haikuwa na furaha. Watoto wawili wakubwa walirudishwa kutoka shuleni kwa kukosa michango, wakakaa nyumbani. Mke wangu alianza kuuza maandazi asubuhi. Mimi nilikuwa nachota maji, na nikimaliza nakwenda kuketi kwenye tofali kule nyuma, kati ya vichaka vinavyoonekana kuumwa. Wapita njia walinisalimia "Bwana shamba!" kwa mazoea, na nikaitika.

Siku moja mbuzi wa jirani aliingia, akavunja mche mmoja kwenye shina. Nilichukua jembe nikauchimbua ili nione kama umeacha uhai chini. Mzizi ulitoka mzima, mrefu kuliko mche wenyewe. Ulikuwa umejaa vinundu vidogo, kama punje za uwele zilizobandikwa. Nilikipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu, wekundu wa nyama mbichi.

Tulifundishwa hivyo. Kinundu kikiwa chekundu ndani maana yake kinafanya kazi. Niliwahi kuliandika hilo nikapewa alama nzuri, na katika miaka kumi na sita ya kazi sikuwahi kupiga magoti nikatazama. Niling'olesha mbaazi nyingi. Mizizi ilikuwa imelala juu ya ardhi mbele yangu, na nilikuwa naangalia daftari. Nilikaa pale na ule mzizi kwenye kiganja mpaka vinundu vikanyauka.

Mwaka wa pili zilichanua. Maua ya njano yenye mistari myekundu mgongoni, machache, kisha mengi. Tulichemsha maganda mabichi kwa chumvi, tukakaa tunayamenya kwa meno. Zilizokauka mke wangu alizipika kwa karanga. Funza nao walikuja. Kila asubuhi nilipita nikiwaokota kwa mkono na kuwatia kwenye kopo la maji ya sabuni, na walikuwa wengi kweli. Kwa hiyo kuhusu funza sikuwa nimesema uongo. Nilitegemea hilo lingenipunguzia kitu moyoni. Halikupunguza.

Mwaka wa tatu ndipo udongo ulipogeuka. Majani yaliyoanguka yalikuwa yameoza, jembe likawa linaingia, na maji yakawa yanazama. Mke wangu alisia mchicha kati ya vichaka, ukaota majani mapana. Alinijia na tita la kwanza mkononi. Hakunisifu, si desturi yake. Alisema tu, "Leo siendi sokoni."

Watu wakaanza kuja kutazama, na miongoni mwao wakaja watu wa mradi mmoja wa kanisa uliokuwa ukifundisha kilimo mseto vijijini. Walipiga picha, wakauliza nilikuwa na kazi gani zamani. Baada ya mwezi wakaniajiri kwa mkataba. Nikapewa pikipiki, orodha ya vijiji, na somo la kufundisha: panda mbaazi ndani ya pamba na ndani ya mahindi, ardhi ipumue. Kijiji cha tatu kwenye orodha kilikuwa Sapiwi.

Nilifikiria kuomba nibadilishiwe. Sikuomba, kwa kuwa ningelazimika kueleza sababu.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la zamani la ushirika. Walikuja watu kama arobaini, wakakaa chini, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Kijana kutoka ofisi ya mradi alikaa karibu nami na karatasi ya mahudhurio. Nilisimama nikasema niliyotumwa. Nikawaeleza habari za vinundu, nikawaonyesha mzizi. Nikawaambia, "Kila baada ya mistari minne ya pamba, weka mstari mmoja wa mbaazi." Neno hilo liliponitoka ndipo nilipomwona, karibu na mlango, binti yake amemshika mkono. Alikuwa ameinua mkono mwingine.

"Bwana shamba," alisema. Hakuna aliyekuwa amemtajia kazi yangu ya zamani. Mwenyekiti alikuwa amenitambulisha kama mtaalamu wa mradi.

"Ndiyo, mayu."

"Nina swali. Tukishazipanda, zikatoa maua, mtarudi mwaka gani kutuambia tuzing'oe?"

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Walicheka kama watu wanaokumbuka. Kijana wa mradi naye alicheka, akaniangalia akisubiri nijibu.

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema pale pale, mbele ya watu wale wale, kwamba ni mimi niliyemsimamia. Watu arobaini walikuwa wakinitazama, na yeye uso wake ulikuwa umeelekea kwangu. Nikasema, "Utaalamu unabadilika, mayu. Siku hizi tunajua zaidi."

"Aa," alisema. "Mnajua zaidi." Akashusha mkono.

Mkutano ulipokwisha niliacha pikipiki ghalani, nikaenda kwake kwa miguu. Alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye kigoda chake. Binti yake aliniona, akaingia jikoni bila kunisalimia.

"Mayu," nilisema, "ni mimi."

"Najua. Hata ulipokuja na sukari nilijua. Ulisimama juu ya kichwa changu asubuhi nzima siku ile, unasema ng'oa huku, rudi huku, umesahau hapa. Nitaisahauje sauti hiyo?"

"Mbona ulinipa mbegu?"

"Uliomba mbegu. Nikakumbuka ni za mama yangu, na yeye hakuwahi kumnyima mtu. Maji sikukupa. Hayo yalikuwa yangu mimi."

Nilichuchumaa mbele yake. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba nilikuwa kijana, kwamba ilikuwa sheria na sikuitunga mimi. Niliyasema yote kwa mkupuo, na nilivyozidi kusema ndivyo yalivyozidi kuwa mepesi. Mwishowe nilimuuliza lile nililokuwa naliogopa tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza habari za binti yake aliyekuwa mzazi, na mtoto.

Alicheka kidogo, bila furaha.

"Unataka nikuambie alikufa mtu? Hakufa mtu. Huyo ndiye binti yangu umemwona, na mtoto yuko malishoni na ng'ombe za wajomba zake. Tulikula viazi vikavu, michembe mitupu, mpaka mvua, na watu wengine pia walikula michembe mitupu. Si hilo."

"Ni nini, mayu?"

Alinyoosha mikono yake, akaifungua mbele yangu kana kwamba mimi ndiye kipofu.

"Nilizing'oa mimi. Ungezing'oa wewe ningekuchukia, yangekwisha. Lakini zilikuwa na maua, nami nilizing'oa kwa mikono hii, moja moja, kwa sababu mtu mwenye daftari amesema. Na hii ya nyuma ya jiko, siku nyingi niliamka nikitaka kuing'oa pia, nikiogopa utarudi. Miaka miwili niliogopa. Nikisikia kengele ya baiskeli naifunika kwa khanga."

Nilimwambia samahani, akaitikia "Ee," kama mtu anavyoitikia akiambiwa mvua inakuja. Kisha akaniuliza kama mbaazi zangu zinapata funza. Nikasema zinapata. Akasema nimwage majivu asubuhi umande ukiwa bado upo. Nikamshukuru, nikaondoka.

Nilifika nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mke wangu alikuwa amekaa nyuma ya nyumba kati ya vichaka, anapukuchua mbaazi. Nikakaa kwenye tofali langu, nikamweleza yote, tangu siku ya viatu vya ngozi mpaka habari za khanga. Alinisikiliza bila kuacha kupukuchua. Nilipomaliza akauliza, "Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Ulimng'olesha yeye peke yake?"

Madaftari yangu yalikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Niliyatoa alasiri hiyo, nikayafungua kwa mara ya kwanza tangu niache kazi. Kila ukurasa ulikuwa na dole gumba na maandishi yangu mazuri ya siku zile: ameelekezwa, ametekeleza. Kunde, choroko, maboga, mbaazi. Kuna mahali niliandika kwamba mhusika alitoa kauli chafu. Sikumkumbuka hata mmoja sura yake, isipokuwa yule wa Sapiwi, na yeye nilimkumbuka kwa sababu nilihitaji mbegu zake.

Kiangazi kile chote nilitumia siku zangu za mapumziko kuwatafuta. Niliwapata wachache. Wengi walikuwa wamehama na mifugo yao kwenda kutafuta ardhi mikoa ya kusini, na mahame yao yameota miiba. Wengine walikuwa wamekufa. Mwanamke mmoja hakunikumbuka kabisa, akadhani nimekuja kuandikisha watu wa msaada, akaita majirani. Mzee mmoja aliniambia nilifanya vizuri, pamba ilizaa mwaka ule. Nilipojaribu kumpinga alikasirika. Nikaacha kuwatafuta.

Mradi ulikwisha baada ya miaka mitatu, kama inavyokuwa kwa miradi. Pale Sapiwi baadhi walipanda mbaazi ndani ya pamba, wengi hawakupanda, na sikuwalaumu. Zangu ziliishi miaka mitano. Zilianza kukauka kutoka ncha za matawi, na kwa sababu sikuwa nimepanda nyingine ubavuni kwa wakati wake, ilinibidi nianze upya na mbegu kidogo zilizobaki kwenye kibuyu. Ziliota nne.

Yule mama sikumwona tena. Mwaka mmoja nilikutana na binti yake mnadani. Ndiye aliyeniambia kuwa mama yake alifariki, na kwamba walikuwa wameshamaliza matanga. Nilimuuliza kwa nini sikupewa taarifa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akauliza, "Wewe? Kwa nini?"

Nilimpa pole. Nikamuuliza kama mama yake alipata kunitaja baada ya siku ile.

"Mara moja," alisema. "Alisema bwana shamba amezeeka, uzee ameusikia kwenye sauti yake."

Kisha akaniaga, maana alikuwa hajanunua chumvi.